Kuku Kati Yetu Mtumbwini

Kasongo nzima imenisifu kwa jambo ambalo ningestahili kuchapwa fimbo. Sisemi hivi kwa unyenyekevu. Unyenyekevu sina, muulize mke wangu. Kila kijana wa mtaa wetu akioa, wazee humkalisha chini na kumwambia, "Angalia yule fundi wa cherehani. Yule njo mukwe, mukwe wa kweli. Hata katika maji, hata katika hatari, hakumupazia mama mukwe sauti." Kisha wananigeukia ili nitikise kichwa kukubali, na mimi natikisa. Nimekitikisa miaka mingi mpaka shingo imezoea.

Sasa basi. Nimezeeka, nimechoka kutikisa kichwa, na wale ambao wangeaibika kwa ajili yangu wengi wamekwisha kuzikwa. Nitasema ilivyokuwa.

Kwanza ujue desturi yetu, maana siku hizi vijana wanakumbatiana na mama wakwe zao sokoni kama ndugu. Zamani zile za Wabelgiji, sisi wa huku mwanamume hakutazamana uso kwa uso na mama wa mke wake. Hakusema naye. Hakumpa kitu mkononi. Akimwona njiani, aliingia majanini mpaka mama apite, na mama naye alijifunika kitambaa usoni. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, ingawa majirani zetu Waislamu wa mjini walitucheka sana. Na maneno yakilazimika, mnaweka kitu katikati: mtoto, mbwa, hata chungu. Unamwambia mbwa, mama anasikia. Mama anamjibu mbwa, wewe unasikia. Mambo yanakwenda hivyo mpaka siku ile mkwe analeta mbuzi na kitambaa kizuri, mama anapika, mnakula bakuli moja, na tangu hapo mnatazamana na kusema kama watu.

Mimi nilikuwa bado sijaleta mbuzi. Nilikuwa nimeoa mwaka mmoja tu, nashona suruali na kaptula kwenye baraza ya duka moja pale Kasongo, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao ni mbali, juu kabisa ya mto mmoja mwembamba wa msituni, upande wa Kabambare, unaoteremka na kuingia Lualaba. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki akijifungua, katika lopitali, mama yao akiwa shambani huko juu, hajui lolote. Aliletewa habari mwanawe amekwisha kuzikwa. Tangu siku ile mama mkwe alikula kiapo: huyu aliyebaki hatazaa bila mimi kumshika mgongo. Na mke wangu naye kila siku alinililia hilo hilo. "Nenda unitafutie mama. Bila mama mimi nitakufa kama dada."

Sista wa lopitali alipomwambia mke wangu kwamba zimebaki siku chache, mvua ilikuwa imekwisha kuvunja daraja. Kamioni zilikuwa zimesimama pande zote mbili, matairi ndani ya tope. Kwa miguu, kuzunguka, ni siku nne za kwenda tu. Nikasema, nitapita mtoni.

Loo, nilivyojivuna! Mimi ni mtu wa Nyangwe kwa kuzaliwa. Nilijua kupiga kafi kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Nilipofika kwenye mdomo wa ule mto mdogo, mvuvi aliyeniazima mtumbwi wake aliniuliza, "Unaujua mto huu?" Nikamwambia, "Maji ni maji." Alinitazama, akanipa na pondo, ufito mrefu wa kusukumia mtumbwi, juu ya kafi niliyoomba.

Bwana, maji si maji. Lualaba ni pana, unaona mbele kutwa nzima. Ule mto ulikuwa mwembamba, mahali pengine unaweza kugusa majani ya ng'ambo zote mbili kwa mikono, na miti imefunga juu hata mchana ni kama uko ndani ya nyumba ambayo madirisha yamefungwa. Kila kona ina kitu chake. Hapa gogo limelala kutoka ukingo mpaka ukingo, unashuka, unavuta mtumbwi juu yake, unapanda tena. Pale mawe meusi na maji yanayopiga kelele, si makubwa ya kuua mtu, lakini yanatosha kukugeuza ubavu na kukulowesha mpaka kiunoni. Nilipanda mto huo siku moja na nusu, nikalala kwenye kibanda cha wavuvi, na mikono yangu ya kushika sindano ilitoka malengelenge.

Siku ya pili asubuhi, kona moja kabla ya kufika kwenye mawe fulani meusi yaliyosimama matatu, nilikuta mti mkubwa umeanguka. Ulikuwa umeanguka karibuni, majani bado ya kijani. Uliacha uwazi mdogo tu upande mmoja, na juu ya uwazi ule ilining'inia kekele. Kekele ni ile kamba ya porini tunayosukia vikapu na viti. Ikiwa imekwisha kusafishwa ni kitu kizuri. Ikiwa bado mwituni ina miiba iliyopinda kama ndoana, ikikushika haikuachi. Ilinishika begani. Ilinipasulia shati langu jeupe nililoshona mwenyewe kwa ajili ya kwenda kwa wakwe. Nililitukana lile dude kwa Kiswahili, kwa Kizimba na kwa Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho. Panga lilikuwa miguuni mwangu. Kwenye mito yetu aliyeona kitu kama kile anakikata kwa ajili ya anayekuja nyuma. Mimi nilisema, nina haraka, nikirudi nitakata. Nikapita.

Kijijini nilikuta wanawake, watoto na wazee tu. Wanaume wote walikuwa wamechukuliwa kwenye kazi ya leta, kazi ya serikali, kutengeneza lile daraja lililovunjika. Shemeji yangu, ambaye ndiye angekaa mtumbwini kati yangu na mama yake, alikuwa kule amebeba mawe. Basi ikawa shauri. Mkwe na mama mkwe peke yao mtumbwini, kutwa nzima! Shangazi za mke wangu walishika vichwa. Mmoja akasema angojewe shemeji. Mwingine akasema mama apite kwa miguu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, nimegeukia migomba, nasikia kila kitu.

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe yenyewe. "Nilingojea mara moja. Walimuzika mutoto wangu bila mimi kumwona. Leo sikai." Akaingia bandani, akatoka na kuku jike mweusi ndani ya kikapu, kuku wa kumpikia mzazi mchuzi. Akawaambia shangazi wale, "Huyu atakaa katikati yetu. Kama iko maneno, tutamuambia yeye."

Basi tulitoka alfajiri ya kesho yake namna hiyo. Mimi nyuma na kafi, mama mbele amenipa mgongo, kuku kati. Na juu ya kunipa mgongo, mama alikuwa amejitanda kitambaa kichwani, amekivuta mbele mpaka kidevuni, ameinamia miguu yake. Kile kitambaa cha bluu nilikijua. Nilikipinda pindo mimi mwenyewe, nikampelekea siku ya posa. Hakuwa anaona mbele hata hatua moja. Macho yake yalikuwa yangu, na yangu yalikuwa ya wawili. Nataka ulikumbuke hilo.

Mwanzoni tulikwenda vizuri, hata nilitaka kucheka. Tukikaribia gogo, naacha kupiga kafi, namwambia kuku, "Kuku, mbele iko gogo. Tutashuka." Mama anamwambia kuku, "Nimesikia." Nasogeza mtumbwi ukingoni, nageuza uso wangu kabisa nyuma kama mtu anayetazama alikotoka, mama anashuka, anakohoa kunijulisha kwamba ameshuka, navuta mtumbwi, nageuka tena, anapanda, anakohoa. Kwenye maji makali nilisema, "Kuku, shika pande zote mbili." Kwenye matawi ya chini nilisema, "Kuku, inama." Na mama aliinama mara moja, chini kabisa, bila kuuliza. Kuku mwenyewe alilalamika tu ndani ya kikapu.

Kisha nikakosea. Mahali maji yanapogawanyika nilichukua mkono usio wenyewe, tukakwama kwenye mchanga. Nikasukuma kwa pondo, pondo ikazama topeni, mimi nikabaki nimening'inia kwenye pondo na mtumbwi unakwenda bila mimi. Nikaanguka majini na suruali yangu ya Jumapili. Mama hakugeuka, lakini alisikia, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kuku," akasema, "hawa watu wa Lualaba wanajua maji ya kulala tu."

Nikapanda, nimelowa chapachapa, nikashika kafi. Mambo yangeishia hapo. Lakini mama mkwe alikuwa mwanamke wa ulimi. Nadhani pia alikuwa na woga kwa ajili ya mwanawe, na woga ule ulitoka kwa njia ya mdomo. Hilo naliona sasa. Siku ile sikuliona.

"Kuku, unakumbuka yule kijana wa kwetu aliyemutaka mutoto wangu? Yule ambaye leo njo kantonye, anasimamia watu wa barabara? Yule anaendesha mutumbwi na mukono moja, mukono ingine anakula muhogo."

Nikapiga kafi kwa nguvu zaidi, nikagonga jiwe.

"Kuku, yule angekuwa amekwisha kufika."

Aa! Hapo moyo ulinichemka. Mtu anaweza kunitukana kuhusu suruali niliyoshona, nitajibu na tutacheka. Lakini yule kantonye! Mke wangu mwenyewe alikuwa amenitajia mara moja, kwa mzaha, na nilikaa siku mbili bila kula chakula chake. Sasa naendesha mtumbwi na malengelenge mikononi, shati limepasuka begani, nimelowa, kwa ajili ya mwanawe yeye, na ananilinganisha na mla muhogo. Nilitaka kujibu. Nikatafuta neno la kumwambia kuku lenye pilipili ya kutosha, nisilipate. Basi nikaamua kunyamaza kabisa, nikasema moyoni, leo hatasikia tena sauti yangu.

Tulikwenda hivyo muda mrefu, mto umetulia, hakuna gogo wala tawi. Na mbele yetu nikayaona yale mawe matatu meusi.

Nataka kusema hili polepole, maana hapa ndipo ninapojidanganya kila ninapojisimulia. Sikusahau. Nililiona jiwe la kwanza nikajua nini kiko nyuma ya kona. Bega langu lilikuwa bado linawasha kwa ile miiba. Panga lilikuwa miguuni mwangu, kama jana yake. Nilikuwa na nafasi ya kusogea ukingoni, nishuke nikate. Nilikuwa na nafasi ya kusema "kuku, inama". Neno moja na jingine, basi.

Nikainua kafi kutoka majini. Nikaiweka magotini. Maji yakatuchukua yenyewe, taratibu, kuelekea kwenye uwazi ule. Na nilikuwa nafikiri nini? Nilifikiri: acha imvue kitambaa. Hicho tu, naapa, hicho tu. Mama mkwe abaki kichwa wazi mbele ya mkwe wake, aone aibu mpaka Kasongo, aache kunisema. Niliona kitambaa kile cha bluu kikining'inia kwenye miiba na mimi nikigeuza uso kwa heshima zote. Nilikuwa karibu kucheka.

Kekele ikashika kitambaa, kama nilivyotaka. Lakini mtu akivutwa kitambaa kichwani hakai ameinama. Anainua uso. Mama aliinua uso na mikono ili ajinasue, mtumbwi unaendelea kwenda, na kamba ya pili, fupi, ambayo mimi sikuwa nimeiona kwa sababu jana yake ilipita juu ya bega langu la pili, ikampiga usoni. Miiba ikaingia jichoni na maji yakatuvuta.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Yoo," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejichoma kidole kwenye sufuria. Kisha akainamia kikapu cha kuku, na nikaona damu inadondoka kati ya vidole vyake juu ya manyoya meusi.

Kichwa chake kilikuwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe, fupi, zimesukwa mistari minne. Nilikuwa nimepata nilichotaka.

"Kuku," nikasema. Nikajaribu tena. "Kuku…" Ningeweza kuruka kile kikapu kwa hatua moja, nimshike kichwa, nioshe jicho lile, desturi ipotee huko mbali! Lakini sikuruka. Nilijificha ndani ya heshima kama mwizi ndani ya joho la padri. Nilikaa nyuma yake, na bado niligeuza uso.

Yeye alichana kipande cha nguo yake, akajifunga. Kisha akasema, "Kuku, muambie apige kafi. Mutoto wangu anangoja."

Nilipiga kafi. Mungu anajua nilivyopiga. Malengelenge yalipasuka, sikuyasikia. Kila kona niliita kabla ya wakati, kuku gogo, kuku jiwe, kuku inama, hata pale ambapo hapakuwa na kitu, tawi la mbali tu. Mama aliinama kila mara. Hakusema tena neno kuhusu kantonye wala watu wa Lualaba. Kama angenitukana ningeshukuru.

Tulipofika kwenye mdomo wa mto jua lilikuwa limeanza kuteremka. Kutoka pale mpaka lopitali ni mwendo mrefu wa miguu, na jicho lake zima nalo lilikuwa limevimba na kufunga. Alikuwa haoni njia. Kumshika mkono? Hapana. Nilichukua kafi, nikashika ncha moja, nikainyoosha nyuma bila kugeuka. Nikasikia ameishika ncha ya pili. Kikapu cha kuku kichwani kwangu, mimi mbele, yeye nyuma, kafi kati yetu, tukaingia Kasongo namna hiyo, tukapita sokoni, tukapita mbele ya misikiti, watu wanasimama kutazama. Hapo ndipo sifa zangu zilipoanza. "Mumeona? Mama mukwe ameumia, na bado hamugusi, hamutazami. Anamuongoza na kafi! Heshima namna gani hii!" Nilisikia kwa masikio yangu. Mwanamke mmoja alilia kwa uzuri wa jambo lile.

Lopitali walitupokea. Mke wangu alikuwa amekwisha kushikwa na uchungu tangu asubuhi. Nilisikia sauti yake nyuma ya ukuta. "Mama weee! Mama iko wapi?" Mama mkwe akaachia kafi, akaanza kwenda kuelekea ile sauti akipapasa ukuta kwa mikono. Muuguzi akamzuia. Sista mzungu akafungua kile kitambaa cha damu, akavuta pumzi, akamwita daktari. Wakamlaza kwenye chumba cha pili. Jicho moja walisema limekwisha, na ili la pili lipone wakafunga yote mawili, wakamwamuru alale bila kujisogeza.

Kati yake na mwanawe palikuwa na ukuta mmoja wa matofali. Mimi nilikaa nje, chini ya dirisha, na kuku wangu. Nilisikia upande huu mke wangu anaita mama. Nilisikia upande ule mama anajibu, "Niko hapa, mutoto wangu, niko hapa," na sista anamwambia alale, alale. Alikuwa amefika, unaelewa? Alikuwa amevuka mto wote ule, na hakumshika mwanawe mgongo. Hiyo ni kazi ya kafi yangu.

Mtoto alizaliwa salama. Msichana. Mke wangu naye alikuwa salama, namshukuru Mungu mpaka leo, maana sijui ningekuwa mtu wa namna gani kama isingekuwa hivyo. Walimpeleka mtoto kwa nyanya yake. Nilichungulia dirishani, desturi hairuhusu lakini nilichungulia, naye hakuweza kuniona. Alimtazama mtoto kwa vidole. Paji la uso, pua, masikio, akahesabu vidole vya miguu. Akakaa sana kwenye kope za macho, anazigusa kwa ncha ya kidole kimoja, moja kisha nyingine, moja kisha nyingine. Niliondoka pale dirishani.

Mke wangu alipopata nguvu walimlaza chumba kimoja na mama yake, akaniuliza mimi niliye nje dirishani, "Ilikuwa namna gani? Haukuona ule muti? Haukumuambia?" Nilifungua kinywa. Lakini mama yake, kutoka kitanda cha pili, na bandeji zake, akamjibu kabla yangu. "Angenipazia sauti namna gani? Ni mukwe wangu." Basi. Mke wangu akanitazama kwa macho yaliyojaa mapenzi, na mimi nikatikisa kichwa. Ndiyo mara ya kwanza nilipokitikisa.

Nisikudanganye, sifa ni tamu. Wateja waliongezeka barazani. Katekista alinitolea mfano kanisani. Na kila nilipotaka kusema, nilimwona mke wangu anafungasha nguo zake na kumbeba mtoto, nikanyamaza. Lakini mbuzi sikupeleka. Mtoto wa pili akazaliwa, sikupeleka. Wa tatu, sikupeleka. Mbuzi walikuwapo, wanakula nyanya za jirani. Niliogopa ule uso. Na watu, sikiliza upuuzi wa watu, watu wakasema, "Ona heshima! Hata kufunguliwa mwiko hataki haraka." Nilitaka kuwapiga ngumi.

Hatimaye mke wangu akakasirika. "Mama yangu anazeeka. Unataka afe bila kula na weye?" Akakamata mbuzi mwenyewe. Akachagua kitambaa mwenyewe, cha bluu, akanipa nikipinde pindo. Sindano ilinichoma mara nne.

Tulikwenda kwa barabara, daraja lilikuwa zima. Shangazi wakapokea mbuzi kwa vigelegele, kisha wakatuingiza katika nyumba, mimi na mama, wakaweka bakuli katikati na kutoka, kama inavyotakiwa. Bakuli la ugali lilikuwa kando. Katika hili la mboga alikuwa kuku.

Nilikaa nikitazama miguu yangu. Nikasikia ameondoa kitambaa usoni. Nikainua macho, kwa kuwa ilinibidi. Alikuwa amenielekea. Upande mmoja jicho lilikuwa jeupe kama maziwa, na kovu likishuka mpaka shavuni. Upande wa pili lile jicho zima lilikuwa linanitazama, jeusi, na halikuwa na haraka.

Akatoa firigisi katika mchuzi, ile sehemu anayopewa mgeni wa heshima, akaiweka mbele yangu.

"Siku ile," akasema, "kafi yako ilinyamaza."

Nikaishika firigisi, nikaiacha.

"Kila mahali pa hatari ilinyamaza kwanza, halafu ukasema na kuku. Na pale kwenye miiba ikanyamaza, lakini haukusema."

Nilitafuta pa kuweka macho, nikayaweka kwenye bakuli. Na kinywa changu, kwa mazoea, kwa woga, sijui, kikasema, "Kuku…"

"Huyu amekwisha kupikwa," mama akasema. "Sema na mimi."

Basi nikasema. Nilimwambia kila kitu, kantonye, shati, panga, kitambaa. Nilimwambia nilitaka kukivua tu, na kwamba nilikuwa karibu kucheka. Nililia kama mtoto, mimi fundi mzima. Alisikiliza huku amekunja mikono mpaka nikamaliza. Nikamuuliza swali la kwanza nililowahi kumuuliza mama yule moja kwa moja.

"Mama, kama ulisikia kafi imenyamaza, kwa nini haukuinama?"

"Nilikuwa nangoja useme," akajibu.

Mke wangu akaingia na maji ya kunywa, akatuangalia, akauliza mbona kuku anapoa.